Sahihi ya Mtu Aliyekuwa Likizo

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa masjala. Kwa asiyeijua, masjala ni chumba ambacho majalada yote ya ofisi hupitia. Karani wa humo hana kazi ya kusoma yaliyomo. Anaandika namba, tarehe, nani kachukua na nani karudisha. Lakini ukikaa miezi mitatu, siri za watu unazijua bila kuzitafuta. Karatasi zikilala pamoja husemezana.

Asubuhi moja niliingiza ripoti ya ukaguzi wa lifti ya jengo la ghorofa. Karatasi mbili. Kila kisanduku kimetiwa alama ya vema: nyaya sawa, breki sawa, kengele ya dharura sawa. Chini kulikuwa na tarehe na sahihi ya mkaguzi, mzee mmoja mcheshi aliyezoea kuniita "mwanangu" na kuniulizia hali ya wadogo zangu shuleni. Sahihi yake niliifahamu vizuri. Nilichofahamu pia ni kwamba tarehe ile mzee hakuwa kazini. Alikuwa likizo, na fomu yake ya likizo niliitia mimi mwenyewe kwenye jalada lake wiki mbili nyuma.

Niliitazama ile karatasi kwa muda. Kisha nikaigonga mhuri wa kupokelewa, nikaipa namba, nikaitia jaladani.

Lifti haikuanguka. Mzee alistaafu kwa heshima zake, ofisi ikamchangia zawadi, nami nikatoa mchango wangu. Nalitaja hili mapema ili nitakapouliza kama afisa aliyekula rushwa hadi watu wakafa anastahili adhabu kali, ujue anayeuliza ni mtu wa namna gani.

Lugha yetu imeikaribisha rushwa mezani tangu zamani. Anayepokea "anakula". Anayeomba anaomba "chai" au "kitu kidogo", na akiona unasita anakukumbusha kwamba mkono mtupu haulambwi. Hata tunapolaani tunalaani kwa maneno ya jikoni: wamekula fedha za dawa, wametafuna fedha za barabara. Katika maneno yote haya mlaji ni mtu wa kuonewa wivu au wa kuchukiwa kwa ulafi wake, na dhambi yake kubwa ni kwamba hakutubakishia. Ile ahadi ya TANU iliyokaririwa na vizazi, kwamba rushwa ni adui wa haki, nayo ilitaja haki. Uhai haukutajwa.

Kwingine wamechagua kitenzi kingine. Usiku wa 30 Oktoba 2015 klabu ya muziki iitwayo Colectiv iliungua jijini Bucharest, Romania. Ilikuwa ikiendesha shughuli zake bila kibali cha zimamoto, na waliojazana ndani walipita mno idadi iliyoruhusiwa. Watu 64 walikufa, wengine usiku ule, wengine wiki kadhaa baadaye wakiwa hospitalini. Maelfu wakaingia barabarani, na mabango yao yalikuwa na maneno mawili tu: "Corupția ucide". Rushwa inaua. Waziri Mkuu alijiuzulu ndani ya wiki moja. Tarehe 1 Novemba 2024, paa la mbele la kituo cha reli cha Novi Sad nchini Serbia, kituo kilichotoka kukarabatiwa, liliporomoka na kuua watu 16. Wanafunzi walioandamana walibeba picha ya kiganja chekundu, mkono uliolowa damu. Kila nikikiona kiganja kile nakumbuka methali yetu ya mkono mtupu, na methali yenyewe inanichefua.

Kesi inayonirudia kichwani mara nyingi zaidi, hata hivyo, ni ya Uzbekistan.

Mwishoni mwa 2022 watoto huko walianza kufa kwa figo kushindwa kufanya kazi. Walikuwa wamenyweshwa dawa ya mafua iliyoagizwa kutoka India, kwa jina Doc-1 Max. Ndani yake mlikuwa na ethilini glikoli, kemikali inayotiwa kwenye maji ya kupoozea injini ili yasigande kwa baridi. Sheria ilitaka dawa ile ipimwe kabla ya kufika madukani. Waendesha mashtaka waliiambia mahakama mjini Tashkent kwamba wasambazaji waliwapa maafisa dola 33,000 ili kipimo hicho kirukwe. Mkurugenzi wa kampuni iliyoingiza dawa alikana kuwa ilikuwa hongo. Fedha zilitoka, alikiri, tena kwa kupitia mtu wa kati, lakini zilikuwa ishara ya shukrani.

Shukrani! Msomaji wa Kiswahili hahitaji kutafsiriwa hapo.

Februari 2024 hukumu ilitoka. Watu 23 walifungwa, kuanzia miaka miwili hadi ishirini, na baadhi yao ni maafisa waliokuwa na dhamana ya kuidhinisha dawa za kutoka nje. Watoto waliokufa walihesabiwa 68.

Nina tabia mbaya ya kugawanya. Dola 33,000 kwa watoto 68 ni kama dola 485 kwa mmoja. Najua hesabu hii haina maana kisheria, kwa sababu hakuna mahali watu waliketi wakapatana bei ya mtoto. Lakini ndiyo shida yenyewe: wale maafisa hawakumchukia mtoto yeyote. Hawakuwajua hata kwa majina. Kama wangechukia, tungejua la kufanya nao, maana kila jamii ina utaratibu wa kumshughulikia muuaji mwenye chuki. Huyu wa mhuri na kalamu ndiye anayetushinda.

Wanasheria watainua mkono hapa, na wana hoja. Mauaji yanataka nia ovu. Jambazi anayemchoma mtu kisu anajua anachokifanya. Afisa aliyegonga mhuri anajua tu kwamba mwezi huu kipato kimeongezeka. Kati ya mhuri wake na kaburi kuna mikono mingi: aliyeichanganya dawa, aliyeiagiza, aliyeiuza, mpaka mama aliyempimia mwanawe kwa kijiko. Mshtaki kwa rushwa, watasema, na ukitaka sana ongeza uzembe.

Neno uzembe silikubali. Mzembe ni aliyepitiwa, aliyechoka, aliyesahau. Mkaguzi aliyepima nguzo mia akaikosa moja ni mzembe. Aadhibiwe, lakini tumwachie na huruma kidogo, maana hata mimi na wewe tunaikosa moja kila siku. Aliyelipwa ili asiangalie hajasahau kitu. Alikumbushwa, tena kwa bahasha. Utasema pengine mfanyabiashara alitaka kuokoa muda tu, na dawa yake aliiamini. Sawa. Afisa alijuaje kama anauza muda au anapitisha sumu? Hakujua, na fedha zile alipewa ili asijue.

Kwa hiyo kwangu bahasha ndiyo nia. Simaanishi nia ya kumuua fulani. Namaanisha nia ya kuacha watu wowote wale wafe ikibidi, mradi wewe usiwepo kushuhudia. Na hakuna afisa wa dawa, wa majengo au wa vyombo vya majini anayeweza kusema kwa uso mkavu kwamba hakuwahi kusikia kuwa vitu hivi huua. Kazi yake ilianzishwa kwa sababu vitu hivi huua. Mwaka 2011 wanasayansi wawili wa mitetemeko, Nicholas Ambraseys na Roger Bilham, walichapisha hesabu kwenye jarida la Nature: katika miaka 30 iliyotangulia, asilimia 83 ya vifo vyote vilivyotokana na majengo kuporomoka kwa tetemeko vilitokea katika nchi ambazo rushwa yake imepita kiwango ambacho umaskini wao pekee ungekieleza. Tetemeko haliombi chai. Lakini nondo zilizopungua, saruji iliyochakachuliwa na kibali kilichotolewa bila mtu kufika eneo la ujenzi vinalisubiri.

Niseme na hili kabla sijasahau, maana watu wengi wanalichanganya. Kuna rushwa ya kufumba macho, na kuna rushwa ya kumkwamisha mwenye haki yake mpaka atoe kitu. Jengo lako ni imara, umetimiza yote, lakini cheti "bado hakijasainiwa". Huo ni unyang'anyi, unaudhi na unafilisi, ila aghalabu hauui. Isipokuwa hospitalini. Hapo kumchelewesha mtu mpaka ndugu zake wazunguke kutafuta hela kunaweza kumuua kabla hawajarudi. Sheria inayozitia hizi zote kwenye kapu moja la "kupokea hongo" na kuzipa kifungo kimoja haijafikiri vya kutosha.

Watu wa kale walilifikiria, kwa namna yao. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli aliyetawala takriban miaka 3,800 iliyopita, mjenzi aliyejenga nyumba dhaifu ikaanguka na kumuua mwenye nyumba alipaswa kuuawa. Ikimuua mtoto wa mwenye nyumba, anauawa mtoto wa mjenzi, jambo ambalo linatisha kulisoma hata leo. Lakini humo humo kuna sheria ya hakimu aliyeiandika hukumu kisha ikabainika kuwa na kosa lililotokana naye: alipe mara kumi na mbili ya kile alichokuwa ametoza, aondolewe kitini mbele ya watu, asikalie kiti cha hukumu tena maishani. Mwenye mwiko na matofali anakufa. Mwenye muhuri na kiti analipa faini na kufukuzwa kazi.

Mgawanyo huo mpaka leo haujabadilika sana. Duka kubwa la Sampoong jijini Seoul liliporomoka jioni ya 29 Juni 1995 na kuua watu 502. Jengo lilikuwa limegeuzwa matumizi katikati ya ujenzi, likaongezewa ghorofa ya tano, na nguzo zilizotakiwa kubeba mzigo huo zikapunguzwa. Maafisa wa wilaya walihongwa wakapitisha mabadiliko. Mwenyekiti wa kampuni alihukumiwa miaka kumi na nusu, na mahakama ya rufaa ikampunguzia hadi saba na nusu. Nimeshasema nina tabia ya kugawanya. Ni kama siku tano na nusu kwa kila maiti. Maafisa kadhaa nao walikwenda jela, kwa hongo.

Nenda Bangladesh. Rana Plaza ilianguka 24 Aprili 2013, watu 1,134 wakafa, wengi wao wanawake waliokuwa wakishona nguo za kuuzwa ng'ambo. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Ghorofa za juu zilijengwa bila kibali halali. Mwaka 2016 watu 38 walisomewa mashtaka ya mauaji, kesi ikaanza kusota. Mwaka uliofuata mwenye jengo alihukumiwa miaka mitatu, si kwa vifo vile, ila kwa kutowasilisha taarifa ya mali zake kwa tume ya kupambana na rushwa. Fomu! Nikiwa mtu wa masjala ningefurahi kuona fomu inachukuliwa kwa uzito kiasi hicho.

Nikifika hapa katika mazungumzo, karibu kila mtu hunikatiza kwa neno moja: wanyongwe.

Nalielewa neno hilo. Kuna siku nami nimelisema kwa sauti, peke yangu, mbele ya picha ya mama aliyekaa chini karibu na kifusi ameshika kiatu kimoja. Adhabu kali kwa wala rushwa wala si wazo geni. Tanganyika ya mwaka 1963 ilikuwa na sheria ya adhabu za chini iliyompa mla rushwa miaka miwili jela na viboko 24, na Mwalimu Nyerere alipenda kuikumbusha: kumi na mbili siku ya kuingia, na kumi na mbili vilivyobaki siku ya kutoka, akamwonyeshe mkewe. Watu walicheka na kupiga makofi. Rushwa haikuhama.

China iliongeza zaidi ya viboko. Zheng Xiaoyu aliiongoza mamlaka ya dawa ya nchi hiyo, ambayo baadaye ilikabidhiwa na chakula, tangu ilipoanzishwa 1998 hadi 2005. Ilithibitika mahakamani kwamba alipokea fedha na zawadi za yuan milioni 6.49 kutoka kwa kampuni za dawa ili bidhaa zao zipitishwe, na wakati huo nchi ilikuwa ikizika watu waliokufa kwa dawa mbovu. Alihukumiwa kifo 29 Mei 2007. Aliuawa 10 Julai. Wiki sita.

Mwaka uliofuata, 2008, ikagundulika kwamba maziwa ya unga ya watoto nchini humo yalikuwa yametiwa melamini, kemikali ya plastiki, ili kipimo cha protini kisome juu. Watoto wachanga sita walikufa na karibu laki tatu wakaugua. Wafanyabiashara wawili waliuawa kwa kosa hilo. Mkuu wa wakala wa serikali wa ukaguzi wa ubora alijiuzulu, na baadaye akapewa cheo kingine serikalini.

Sisemi kwamba kifo cha Zheng ndicho kilichosababisha maziwa ya sumu. Nasema hakikuyazuia, na kwamba zile wiki sita zinanisumbua. Mtu aliyekaa katikati ya mtandao wote, anayejua kampuni gani ilipeleka nini kwa nani, ofisi gani iliulizwa ikanyamaza, nani juu yake alipiga simu, huyo ndiye shahidi wa thamani kuliko wote. Wakamfukia pamoja na anayoyajua. Tukirudi Romania, baada ya moto wa Colectiv waandishi wa gazeti la michezo (ndiyo, la michezo) waligundua kwamba dawa za kuua vijidudu zilizouzwa kwa mahospitali mengi zilikuwa zimezimuliwa kwa maji. Mwenye kampuni iliyoziuza alikufa katika ajali ya gari Mei 2016, uchunguzi ukiwa mbichi. Maswali mengi yalikwenda naye. Hakuna mahakama iliyoamuru kifo kile, lakini matokeo kwa wanaotaka kujua ukweli ni yale yale: jalada linafungwa, na waliobaki hai wanapumua.

Watu wa masjala tunajua thamani ya jalada kufungwa. Ni muhuri mmoja tu, na baada yake hakuna anayeliomba tena.

Kitanzi kina shida nyingine ambayo wapenzi wake hawaitaji. Tunataka kitanzi kwa sababu nchi imeoza kwa rushwa. Lakini anayekishika ni polisi yule yule, mwendesha mashtaka yule yule, hakimu yule yule. Ukipandisha adhabu ya kosa, umempandishia bei anayeuza kuachiwa huru. Mkubwa atanunua. Mdogo, yule aliyepewa sehemu ndogo kabisa ya bahasha na kuambiwa "tia sahihi hapa", hataweza, na ndiye tutakayemwona kwenye picha akiwa na pingu. Vietnam kwa miaka mingi iliandika jambo hili wazi katika sheria: aliyehukumiwa kifo kwa ufisadi aliweza kubadilishiwa kifungo kuwa cha maisha akirudisha robo tatu ya alichokwapua na kushirikiana na wapelelezi. Kwa upande wa kurejesha fedha za umma, naiona busara. Lakini ina maana pia kwamba aliyeficha vizuri ana cha kulipia shingo yake, na aliyetumia yote hana. Juni 2025 bunge la nchi hiyo lilifuta adhabu ya kifo kwa kupokea hongo na kwa ubadhirifu.

Kwa hiyo nataka adhabu kali, na kitanzi sikitaki. Anayeniambia hivyo ni kujichanganya namwomba anisikilize dakika mbili.

Ukali ninaoutaka unaanzia kwenye hati ya mashtaka. Wale 68 watajwe. Afisa aliyepokea fedha ili kipimo kirukwe asisimame kizimbani kujibu "kupokea manufaa yasiyo halali". Asimame asomewe majina, moja baada ya jingine, na ajibu kwa kila moja kosa la kuua bila kukusudia. Hata kama miaka itatumikiwa kwa pamoja. Nimewahi kukaa mahakamani nikisikiliza kesi ya hongo isiyonihusu, na nilishangaa jinsi ilivyokuwa kavu: kiasi, tarehe, namba ya akaunti, shahidi wa benki. Ingeweza kuwa kesi ya mgogoro wa ankara. Palikuwa na watu waliodhurika mahali fulani kwa sababu ya jambo lile, lakini chumbani hawakuwamo, hata kwa kutajwa.

Kisha nataka kifungo kirefu kweli, kinachopungua kwa kitu kimoja tu: kusema. Taja aliye juu yako, kwa ushahidi unaosimama, mahakama ikupunguzie. Ukinyamaza kumlinda mkubwa, utamaliza yote. Mali ichukuliwe, ila isiishie hazina kuu. Ikawafikie waliofiwa kwanza. Katika hili Uzbekistan imenipa moyo kidogo, kwa sababu mahakama iliamuru familia za watoto wale zilipwe, takriban dola 80,000 kila moja. Fedha haimrudishi mtoto. Lakini hukumu ile iliwaandika wazazi kuwa ndio waliokosewa, na serikali nyingi zinapoibiwa hujiandika zenyewe kuwa ndiye mlalamikaji pekee. Na kosa lenyewe lisichakae kwa muda. Jengo linaweza kusimama miaka ishirini kabla ya kuanguka, na aliyelipitisha akawa ameshastaafu na kuhesabiwa miongoni mwa wazee wa busara.

Lakini hata haya yote hayatafika popote kama wanaojua hawasemi, na wanaojua wana sababu za kunyamaza. Babita Deokaran alikuwa afisa mwandamizi wa fedha katika idara ya afya ya jimbo la Gauteng, Afrika Kusini. Aliyatilia shaka malipo yaliyokuwa yakitoka katika hospitali ya Tembisa, akayaripoti. Asubuhi ya 23 Agosti 2021 alipigwa risasi nje ya nyumba yake Johannesburg. Mwaka 2023 wanaume sita walikiri kumuua wakafungwa kati ya miaka sita na ishirini na miwili. Aliyewatuma hakuwa miongoni mwao. Mwanamke yule alifanya kwenye karatasi zake kile ambacho mimi sikukifanya kwenye zangu, na mimi nipo hai naandika blogu.

Hapo ndipo hoja yangu inaponigeukia. Nimedai afisa asomewe majina ya waliokufa. Mzee wangu wa lifti hana majina ya kusomewa. Alichokifanya yeye na walichokifanya wale wa Tashkent ni kitu kimoja: kutia sahihi kwenye jambo ambalo hakulitazama. Sijui hata kama alipewa bahasha; huenda alimwachia mtu fomu tupu zenye sahihi yake ili kazi isilale, maana hilo nalo lilikuwa likifanyika. Nyaya zilishika, basi yeye ni mstaafu. Nyaya zingekatika, angekuwa muuaji kwa kipimo changu mwenyewe. Je, tunaadhibu uovu au tunaadhibu bahati mbaya?

Nimelizungusha swali hili kwa miaka. Jibu nililonalo ni la mcheza kamari: aliyeweka dau kwa uhai wa wengine hawezi kulalamika kwamba mwenzake aliweka dau lile lile akashinda. Alikubali mchezo, akubali na kupoteza. Nalisimamia, ingawa nasikia udhaifu wake kila ninapolisema. Na linadai kitu kingine ambacho hatupendi, kwamba kuweka dau lenyewe liadhibiwe vikali hata kama hakuna aliyekufa: cheti kilichotolewa bila ukaguzi, kipimo kilichorukwa, meli iliyoruhusiwa kung'oa nanga ikiwa imezidisha abiria na ikafika salama. Safari zilizofika salama ndizo zinazozaa ile moja isiyofika. Mkaguzi aliyefungwa kwa sababu ya lifti ambayo haikuanguka angeonekana kaonewa. Magazeti yangemtetea. Mimi pia, siku zile, ningemtetea.

Na karani je? Aliyeona tarehe mbili zisizopatana, akagonga mhuri? Sheria nyingi hazina jina kwa ajili yangu. Sikupokea hata senti. Nilikuwa mpya kazini, mzee alikuwa mwema kwangu, na jambo lile halikuwa kwenye orodha ya kazi zangu. Nikizipanga sababu hizi pamoja zinafanana sana na zile za maafisa ninaowataka kizimbani, isipokuwa zangu zilikuwa bure.

Jengo lile bado limesimama. Miaka michache iliyopita nilikuwa na shughuli ghorofa ya sita. Niliingia, nikasimama mbele ya lifti pamoja na watu wengine wawili, mmoja amembeba mtoto usingizini. Milango ikafunguka. Ukutani, ndani, palikuwa na cheti cha ukaguzi kwenye fremu ya kioo, kina tarehe ya mwaka ule na sahihi ya mtu nisiyemjua. Waliingia. Yule mwenye mtoto akaushika mlango kwa mkono, akaniuliza kama naenda juu.

Nikamwambia hapana, nikapanda ngazi.